Kabla hujanunua kitabu cha keneli, tazama mwaka wake

Kitabu changu cha kwanza cha keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, nilikinunua kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba hapa Kampala, kimetandazwa kwenye turubai pamoja na vitabu vya hesabu vya sekondari. Linux Device Drivers, toleo la tatu. Jalada safi, bei ya kirafiki, nikajiona mjanja. Miezi miwili nilihangaika na mifano yake. Kila nikikompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, makosa tele. Nikadhani mjinga ni mimi. Kumbe kitabu ni cha 2005, kinaeleza mfumo endeshi wa Linux, keneli ya 2.6.10, na laptopu yangu ilikuwa na keneli ya mfululizo wa 4. Hiyo init_MUTEX, amri wanayoitumia kwenye mifano, ilishaondolewa zamani.

Siku hizi kijana akiniuliza, "Kaka, ninunue kipi?" namuuliza kwanza: unataka kufaulu mtihani au unataka kuandika msimbo?

Wa mtihani atosheke na Operating System Concepts, kile chenye madinosaria kwenye jalada. Kimeeleza mengi, na kimeeleza vizuri, ila unaweza kukimaliza bila kuandika hata mstari mmoja. Mimi nilikimaliza hivyo, nikapata alama nzuri, na bado sikujua kompyuta inaachaje programu moja na kushika nyingine.

Jibu nililipata kwenye xv6, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia wa chuo kikuu cha MIT uliofuata mpangilio wa mfumo wa zamani wa Unix, Toleo la Sita la 1975. Keneli yake haifiki mistari 10,000 ya msimbo, wakati Linux imepita milioni 30. Kitabu chake ni cha bure tena kifupi, na kinakushika mkono hadi kwenye faili lenyewe. Fungua swtch.S: rejista 14 (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za programu moja zinahifadhiwa, 14 za nyingine zinapakiwa, basi. Nililitazama faili lile nikacheka peke yangu. Na kwa kuwa xv6 huendeshwa ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, vuruga utakavyo, laptopu yako haiguswi.

Pembeni yake weka Operating Systems: Three Easy Pieces. Nacho ni bure, na unapakua sura moja moja, kwa hiyo bando halikauki. Sura za kumbukumbu ya kompyuta zisome kabla ya kugusa kurasa za xv6 zinazohusu jambo hilo hilo.

Kama pointa za lugha ya C (anwani za kumbukumbu) bado zinakuchanganya, ahirisha yote hayo. Rudi kwenye The C Programming Language, toleo la pili, la 1988. Najua, nimetoka kulalamikia kitabu cha 2005! Lakini C husogea kama kobe, na keneli ya Linux hutoa toleo jipya kila baada ya miezi miwili hivi.

Msimbo wa xv6 niliuchapisha steshenari moja Wandegeya, kurasa mbili kwa karatasi. Umeme ukikatika, nausoma kwa tochi ya simu, kalamu mkononi. Karatasi yenye swtch.S imeshachanika pembeni.