Kabla hujaagiza RNA, jua kimeng'enya chako kinaikata wapi

Miezi minne ya uzamivu wangu ililiwa na nukleotidi moja, yaani herufi moja ya mnyororo wa RNA. Nilikuwa Uingereza, nikichunguza umbo la kimeng'enya cha jamii ya RNase A, wale wakata-RNA sugu ambao hata ukiwachemsha hawafi kirahisi. Nilitaka kukinasa kikiwa kimeishika RNA, kabla hakijaikata. Kwa kazi hiyo unaagiza RNA iliyobadilishwa kidogo pale pa kukatwa: kimeng'enya kinaishika, kinashindwa kuitafuna.

Herufi za RNA ni A, C, G na U, na RNase A hukata baada ya C au U. Kwenye RNA yangu ilikuwa C, ikifuatiwa na A. Oksijeni iliyo kwenye kaboni ya pili ya sukari ya hiyo C ndiyo inayoishambulia fosfati jirani na kuuvunja mnyororo. Ifunge kwa methili, kikundi cha kaboni moja na hidrojeni tatu, basi, haifurukuti. Mimi methili nikaiweka kwenye A inayofuata. Nilikuwa nimeandika daftarini "kati ya C na A", na siku ya kujaza fomu nikachagua upande usio wake. Msimamizi wangu akasaini malipo bila kushtuka.

Kilichoniponza zaidi ni kwamba fuwele za kimeng'enya na RNA, zile zinazopigwa eksirei ili umbo lionekane, zilipatikana. Nzuri, zenye kingo kali, zinameta chini ya hadubini kama chumvi ya mawe. Tukazipeleka Diamond, mtambo wa eksirei kali ulioko Oxfordshire, zikapigwa eksirei. Kwenye ramani ya elektroni, picha ya molekuli inayotokana na eksirei hizo, RNA ilionekana nusu tu. Nikajipa moyo kwamba nusu ya pili inachezacheza, ndiyo maana haionekani. Nikakuza fuwele nyingine. Na nyingine tena.

Fundi wa maabara, mama mtu mzima, ndiye aliyeniuliza: "Umeshawahi kuziyeyusha ukaona kilichomo?" Sikuwahi. Nikachukua fuwele 5, nikazisuuza mara 3 kwenye kimiminika kilekile cha kukuzia ili RNA ya nje iondoke, nikaziyeyusha, nikaziendesha kwenye jeli ya urea, ambayo hupanga RNA kwa urefu: fupi hukimbilia chini. RNA nzima niliyoiweka pembeni kwa kulinganisha ilibaki juu. Yangu ilikuwa mstari mmoja mwembamba, chini kabisa: ilikuwa imeshakatwa.

Kwa hiyo fanya jeli hiyo wiki ileile unapopata fuwele za kwanza, kabla ya kuomba muda wa eksirei. Ni kazi ya mchana mmoja. Glovu utaambiwa uvae tangu siku ya kwanza, maana vidole vyetu vimejaa RNase. Hili la jeli mimi sikuambiwa na mtu.

Na usinakili mbinu ya kimeng'enya cha mwenzako. RNase H, kwa mfano, mkata-RNA mwingine, hutumia ioni mbili za magnesiamu, na anayeshambulia fosfati ni maji, si oksijeni ya sukari. Mwaka 2005 watafiti Marcin Nowotny, Wei Yang na wenzao waliinasa RNase H ya bakteria Bacillus halodurans kwa kubadilisha kimeng'enya chenyewe, asidi-amino yake namba 132, aspartati, ikawa asparajini, RNA wakaiacha ya kawaida. Hata methili ina gharama yake: ni nene, na kwenye RNase A inabanana na asidi-amino namba 12 ya kimeng'enya, histidini, ambayo kazi yake ni kuichokoza oksijeni hiyohiyo. Mara ya pili niliagiza C isiyo na oksijeni hiyo kabisa, yaani sukari ya DNA mahali pamoja tu.

Fomu nilimpa yule mama aisome kwa sauti, herufi moja moja, ndipo nikabofya.