Basenji habweki, tena pa kumkimbizia sina

SWALI: Daktari, nina mbwa jike wa Basenji wa miezi 20. Habweki hata geti likigongwa, na tangu azaliwe amepata joto la kutaka dume mara moja tu. Majirani wananicheka kwamba nimeuziwa koko bubu. Je, ana kasoro? Na hapa Nakuru nimpeleke wapi akakimbie? Uani hakuna kilichobaki kizima. — Msomaji, Section 58

JIBU: Mbwa wako hana kasoro. Koo la Basenji limeumbwa tofauti kidogo, kwa hiyo badala ya kubweka hutoa sauti ya kupanda na kushuka, mithili ya mtu anayejaribu kuimba akiwa usingizini. Subiri afurahi, utaisikia. Na joto hupata mara moja kwa mwaka, ilhali mbwa wengi hupata mara mbili.

Majirani nao hawajakosea sana. Asili yake ni Kongo, na anafanana na mbwa wa kienyeji kuliko mbwa wengi wa bei ghali. Mtazame: masikio wima, mikunjo kwenye paji la uso, mkia uliojikunja juu ya kiuno. Jike huwa na kimo cha sentimita 40 hivi begani na uzito wa kilo tisa na nusu. Akiwa na kilo 20, mdai aliyekuuzia hati za ukoo za East Africa Kennel Club.

Kuhusu kukimbia, kinachonipa wasiwasi ni macho yake. Huyu huwinda kwa kuona na kunusa, na akishakiona kitu kinachokimbia, jina lake halimwingii tena masikioni. Mteja wangu mmoja alimfungulia dume lake shambani upande wa Njoro. Sungura akachomoka kwenye mabua ya mahindi, na mbwa akapotelea humo. Alirudi jioni nyayo zimechubuka, amejaa kupe hadi katikati ya vidole. Kwa hiyo kwenye kreta ya Menengai, ambako wengi watakushauri uende, mimi sikushauri umfungue kamba. Pimbi mmoja akitokeza kwenye mawe ya ukingoni, mbwa hatajiuliza kama mbele kuna genge. Hifadhi ya Ziwa Nakuru usiifikirie kabisa, mbwa wa nyumbani haruhusiwi.

Barabara za ndani za Milimani saa kumi na mbili asubuhi, kabla bodaboda hazijachangamka, zinafaa kwa mwendo wa kamba. Lakini kutembea tu hakumtoshi. Tafuta rafiki mwenye shamba Bahati au Njoro lililozungushiwa ua wa kayaba uliosongamana, na hata humo umfunge kamba ndefu ya mita 10 mpaka umzoee. Nasema kayaba kwa sababu wavu wa waya Basenji huukwea kama paka, na akishindwa kuukwea huchimba chini yake. Mvishe pia kengele shingoni. Wawindaji wa Kongo huwafunga mbwa hawa kengele za mti, kwani mbwa asiyebweka akiingia kichakani utamtafutia wapi? Mkirudi, mpekue kupe masikioni na kwenye vidole, na chanjo ya kichaa cha mbwa asiikose kila mwaka.

Hukuniuliza kuhusu mkojo, lakini mwenye Basenji hana budi kuufuatilia. Aina hii ina ugonjwa wa kurithi wa figo uitwao Fanconi, ambao kwa kawaida hujitokeza kuanzia miaka minne hivi. Figo hushindwa kurudisha sukari na madini mwilini, vikatoka na mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa ovyo na kukonda. Hatari ni kwamba sukari ikionekana kwenye mkojo, mtu hukimbilia kusema ni kisukari na kumdunga insulini, wakati sukari ya damu ni ya kawaida. Sindano hiyo yaweza kumuua. Kipimo cha vinasaba vya ugonjwa huu kipo, na ungefaa kumwuliza mfugaji kama wazazi walipimwa.

Akifika miaka mitatu, nunua kwenye duka la dawa vijiti vya kupimia sukari ya mkojo, vilevile vya binadamu. Mara moja kwa mwezi, kinga mkojo wa asubuhi kwa kifuniko cha kopo, uchovye. Rangi ikibadilika, mlete apimwe damu kabla hajapewa dawa yoyote.