Unataka ubingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi? Nisikilize kwanza

Wiki iliyopita kijana aliyemaliza udaktari juzijuzi aliniandikia: "Shikamoo dokta. Nataka kuwa bingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi kama wewe. Nianzie wapi?" Marahaba, mwanangu. Nilikujibu kwa kifupi, ila jibu lenyewe ni refu, na najua hauko peke yako.

Njia ya masomo haina siri. Unamaliza udaktari, unafanya mafunzo kwa vitendo, unachukua ubingwa wa magonjwa ya ndani, ndipo unabobea. Marekani, kwa mfano, magonjwa ya ndani ni miaka 3, na mapafu pamoja na wagonjwa mahututi mingine 3. Kwingineko kazi ya ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, iko zaidi mikononi mwa madaktari wa usingizi, kwa hiyo ulizia utaratibu wa unakotaka kusoma. Mitihani utafaulu. Kinachowashinda watu ni kingine.

Nikiwa kwenye ubobezi, bosi wangu mmoja aliniambia mbele ya wenzangu, katikati ya raundi: "Wewe mpole mno. ICU inataka watu wagumu. Katafute kliniki ya pumu." Sikumjibu. Nilichukua faili la mgonjwa aliyefuata nikasoma majibu ya damu kwa sauti, kana kwamba hakuna lililosemwa. Neno lile linaniuma hadi leo. Jioni iliyotangulia alikuwa amenikuta nimekaa na mke wa mgonjwa, namweleza kwa nini mumewe amelazwa kifudifudi, na kwamba atakaa hivyo saa 16 au zaidi ili sehemu ya nyuma ya mapafu ipate kufunguka. Kumbe kwa bosi huko kulikuwa kupoteza muda.

Sasa nisikilizeni vizuri mnaokuja: upole ndio kazi yenyewe. Chimbuko la ICU tunazozijua ni Copenhagen mwaka 1952, polio ilipopooza misuli ya kupumulia ya wagonjwa wengi kuliko mashine za kupumulia zilizokuwepo. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipendekeza watobolewe koo na kusukumiwa hewa, na wanafunzi wa udaktari wakaketi kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wakibinya mfuko wa hewa kwa mkono. Huwezi kubinya mfuko ule kwa saa nzima bila kumtazama mtu usoni.

Hata mashine ya leo inataka mtu mtulivu. Mapafu yaliyovimba yakajaa maji hayahimili pumzi kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa wagonjwa wa namna hiyo waliosukumiwa na mashine pumzi ya mililita 6 kwa kila kilo ya mwili walikufa asilimia 31, na waliopewa 12 karibu asilimia 40. Kilo zenyewe hazitoki kwenye mizani. Zinakokotolewa kutokana na urefu, maana mtu akinenepa mapafu hayakui naye. Mwanamume wa sentimita 170, awe na kilo 60 au 120, anahesabiwa kilo 66, yaani karibu mililita 400 kwa pumzi moja. Ndiyo maana natembea na futi mfukoni. Mgonjwa akiingia namnyoosha na kumpima mwenyewe, utosi hadi kisigino, hata kama urefu umeshaandikwa, kwa sababu mara nyingi umekadiriwa kwa macho. Wagumu wana haraka, hawapimi.

Leo madaktari wadogo wakikwama na familia iliyokata tamaa, mimi ndiye wanayenipigia, hata usiku wa manane. Najivunia hilo kuliko vyeti vyangu vyote.

Basi jifunzeni kukaa. Kaa na mgonjwa, kaa na ndugu zake. Vuta kiti, zima simu, sema "anaweza kufa" kwa maneno hayohayo, kisha nyamaza waulize wao. Usijifiche nyuma ya namba za oksijeni. Usikubali mtu akwambie huruma ni udhaifu. Anayesema hivyo ni mkubwa wako kwa cheo tu.

Na wewe uliyeniandikia, kabla hujajaza fomu yoyote, omba kukaa ICU wiki chache, zamu za usiku hasa. Wakati huo bosi hayupo, ndugu wako korido, na nesi mzoefu aliye pale atakufundisha kusikiliza kengele za mashine vizuri kuliko kitabu. Mwamkie, muulize kila kitu.