Majaribio ya timu teule ya besiboli: tulipe au tuache?

Dada yangu, nimeelewa kwamba mwanao wa miaka 12, huko Houston, ameitwa kwenye majaribio ya timu teule ya besiboli, yaani timu ya kulipia inayochagua wachezaji wake, nanyi mnasita kwa sababu ya gharama. Mpelekeni ikiwa yeye mwenyewe anataka, lakini kwanza ombeni kwa maandishi jumla ya ada za mwaka, sare, safari na hoteli, kwa kuwa ada ya majaribio ni sehemu ndogo tu. Msitegemee ufadhili wa chuo kikuu kurudisha fedha hizo. Kama ni mrushaji, muulizeni kocha anavyohesabu mipira anayorusha mtoto, maana mwongozo wa Pitch Smart, wa Marekani wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unaweka kikomo cha mipira 85 kwa siku katika umri huo. Akilalamikia maumivu ya kiwiko au bega, aache kurusha mara moja na aonwe na daktari.