Samaki neoni mgeni hataki kula? Zima taa kwanza, chakula baadaye

Samaki wameingia tangini asubuhi, jioni mwenye tangi anapiga simu dukani: hawali, nibadilishe chakula? Linanunuliwa kopo la pili, la tatu, na maji yanazidi kuchafuka. Mara nyingi kopo la kwanza halikuwa na kosa lolote. Samaki mdogo aliye mgeni hugoma kula kwa sababu ya woga, au maji mabaya, au tonge kubwa kuliko mdomo wake. Anza na woga na maji. Chakula ni cha mwisho kuchunguzwa.

Tunamzungumzia neoni, yule mwembamba wa sentimita 3 mwenye mstari wa buluu unaong'aa na wekundu kuelekea mkiani. Asili yake ni vijito vya bonde la Amazon huko Peru, Kolombia na Brazil, vyenye maji ya rangi ya chai na kivuli cha msitu juu yake. Wengi wanaouzwa madukani wamezalishwa na wafugaji, hawajawahi kuuona huo msitu, lakini woga wa mwanga mkali na uwanja mtupu wanazaliwa nao. Karibu yote yaliyomo humu yanawafaa pia samaki wengine wadogo wa aina ya tetra na rasbora.

Tangi la lita 60 linawatosha neoni 10. Wawili au watatu ni kuwaonea: neoni huishi kwa kundi, na akiwa peke yake hukaa nyuma ya jiwe akisubiri kuliwa. Tangi liwe limeendeshwa na filta, yaani chujio la maji, wiki 4 hadi 6, bakteria wa kula amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) wamekwisha kuota kwenye sponji yake, na kipimo kinasoma amonia 0 na naitraiti, sumu inayozaliwa amonia ikiliwa, 0. Tangi lililojazwa jana halina chakula kitakachomfanya neoni achangamke.

Mfuko ukifika nyumbani, zima taa ya tangi. Uache mfuko uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Kama safari ilikuwa ya saa moja au mbili, fungua, ongeza nusu kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika 5, mara tano au sita, kisha wavue kwa kijavu na maji ya mfuko uyamwage nje. Waliolala mfukoni usiku kucha wana hesabu nyingine. Humo ndani pumzi yao imeyafanya maji kuwa na tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayoizuia amonia isiwe kali. Ukifungua, hewa chafu inatoka, tindikali inapungua, na amonia ile ile inageuka sumu huku wewe ukipima nusu kikombe kwa utaratibu. Hao wakishalingana joto, wavue na kuwahamisha papo hapo. Kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema duka linatumia maji gani, ili ya kwako yasipishane nayo mno.

Maji ya bomba yana klorini. Ndoo ikiachwa wazi saa 24 klorini huondoka, lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kusubiri hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha chupa. Kisima cha pwani chenye ladha ya chumvi kiache kabisa. Cha bara chenye maji magumu, yaani yenye madini mengi, unaweza kukichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo. Paa la mabati mapya halifai, kwani zinki yake ni sumu kwa samaki, hasa maji yakiwa laini. Mvua tupu nayo isitumike peke yake: haina madini, na pH yake, yaani kipimo cha tindikali, hupanda na kushuka ovyo. Kiwango kizuri ni pH 6 hadi 7 na joto 23 hadi 26. Neoni waliozoeshwa dukani huvumilia hata 7.5.

Kuhusu rangi ya chai, watu wa pwani wana bahati ambayo wengi hawaijui. Majani ya mkungu, yale yanayogeuka mekundu na kujaa uani kila msimu, ndiyo yanayouzwa kwa pakiti nchi za nje kwa ajili ya matangi kama haya. Sisi tunayafagia na kuyachoma moto. Okota yaliyodondoka yenyewe na kukauka, kwenye mti usiopigwa dawa ya wadudu wala kukaa kando ya barabara kuu. Suuza, anika, kisha weka jani moja la ukubwa wa kiganja kwa kila lita 25. Litaelea siku mbili tatu, litazama, na baada ya wiki 3 au 4 likibaki mishipa tu ulitoe. Mwanga unapungua ukali, samaki wanapata pa kujibanza. Lakini maji magumu hayalainishwi na majani, usidanganyike.

Siku ya kwanza taa isiwashwe na chakula kisiwekwe. Bandika karatasi nyeusi nyuma ya tangi na pande mbili za ubavuni, acha mbele tu. Mchanga wa chini ukiwa mweusi au wa kahawia ni afadhali kuliko mweupe, ambao huwaangaza kutoka chini. Mimea inayoelea ifunike kama theluthi moja ya uso wa maji. Tangi lisikae mkabala na televisheni wala karibu na mlango unaobamizwa. Bomba la filta lielekeze kwenye kioo ili mkondo uvunjike, kwa sababu neoni anayepigana na mkondo mchana kutwa hana nguvu ya kufukuza chakula. Na ukiwasha taa asubuhi ukawakuta wamepauka, buluu imefifia, usihangaike. Gizani rangi yao hufifia, na baada ya dakika chache za mwanga hurudi.

Sasa tonge. Mdomo wa neoni ni upana wa milimita moja hivi. Fleki, vile vipande vyembamba kama karatasi, ukizitupa jinsi zilivyo zinaelea juu, na neoni si samaki wa juu. Hula katikati ya maji, kitu kinaposhuka polepole mbele ya macho yake. Chukua fleki kiasi cha kubanwa na vidole viwili, saga kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka iwe unga kama wa tumbaku ya kunusa, weka kwenye kijiko chenye maji ya tangi, subiri nusu dakika ilowe, kisha kizamishe kijiko taratibu. Unga unasambaa kama wingu. Kaa mbali, tazama. Akichukua chembe na kuitema mara tatu nne kisha akaiacha, chembe ni kubwa bado. Akichukua, akatema, akameza, anaitafuna tu.

Asipogusa unga siku ya pili, mpe kinachocheza. Viluwiluwi wa mbu ndio rahisi kuliko vyote: ndoo ya maji yenye majani makavu machache, kivulini, na baada ya siku chache wapo. Hapa tuwe wakali kidogo. Katika joto letu kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, na hatufugi samaki ili majirani waugue dengi. Vuna kila siku kwa chujio la chai, na kila siku ya nne imwage ndoo yote juu ya mchanga mkavu, uisugue kuta ndipo uanze upya, kwa sababu mayai hung'ang'ania pembeni. Ukijua utasafiri, usiiweke kabisa. Wape wadogo wa milimita 2 au 3, waliosuuzwa, wachache kiasi cha kumalizwa palepale. Wakubwa hawaingii mdomoni, watabaki na kuruka sebuleni kwako.

Asiyetaka habari za mbu aangue atemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao huuzwa yakiwa makavu. Kata kitako cha chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, igeuze kichwa chini na kizibo kikiwa kimefungwa. Tia lita 1 ya maji yasiyo na klorini, kijiko kimoja na nusu cha chakula cha chumvi laini, soda ya kuokea kwa ncha ya kisu, na mayai kwa ncha ya kijiko cha chai. Mpira wa pampu ya hewa ufike chini kabisa, la sivyo mayai yatalala shingoni na kuoza. Taa iwake karibu. Kwa joto la 26 hadi 28 huanguliwa ndani ya saa 24 hivi. Zima hewa, subiri dakika 10: maganda ya kahawia yanapanda juu, uduvi wa rangi ya chungwa wanajikusanya chini. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za karibu, wasuuze kwa maji baridi, walishe siku hiyo hiyo, maana kila saa inayopita wanamaliza kiini walichozaliwa nacho. Maganda yasiingie tangini.

Neoni aliyegoma siku tatu huwafuata atemia kama mtoto anavyofuata pipi. Tatizo ni kwamba akizoea hivyo atadai hivyo, na si kila mtu ana muda wa chupa na pampu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: baada ya siku mbili tatu za chakula hai, wawekee kwanza unga kidogo, dakika moja baadaye atemia, mahali pale pale na saa ile ile. Kila siku punguza atemia, ongeza unga. Baada ya siku 10 wengi wanakula unga bila kuuliza. Chakula hai kibaki mara mbili kwa wiki.

Kiasi ni kinachomalizwa ndani ya dakika 2, mara mbili kwa siku. Kinachobaki kivute kwa mpira. Mkate, ugali na kiini cha yai ni vya kuchafua maji. Fleki nunua kopo dogo. Zile za kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni huwezi kujua umri wake, na unyevu wa pwani huziharibu upesi. Umeme ukikatika usilishe mpaka urudi, kwa sababu filta imesimama na hewa ni kidogo.

Ukiwachanganya na samaki wa aina ya guppy, guppy watamaliza kila kitu kabla neoni hajageuka. Tupa fleki nzima kona moja, guppy wakikimbilia huko, zamisha kijiko chako kona ya pili. Samaki malaika mkubwa usimweke kabisa, kwake neoni ndiye chakula.

Kufikia siku ya tano, mwenye afya anakula na tumbo lina mviringo kidogo. Aliyebonyea nyuma ya matamvua, anayetoa kinyesi cheupe kama uzi, anayejitenga na kundi, mhamishie tangi lingine. Akiwa na madoa meupe kwenye nyama yenyewe, mstari unakatika na mgongo unapinda, huenda ni ugonjwa wa neoni, unaoletwa na kimelea kiitwacho Pleistophora, na hauna tiba. Aliyekufa mtoe saa hiyo hiyo, kwani wenzake humdonoa, na kimelea hupita kwa njia hiyo hiyo ya mdomo uliyokuwa ukihangaika kuifungua.