Ngozi imelainika: je, skleroderma imeondoka?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, na nina skleroderma ya mwili mzima tangu miaka minne iliyopita. Ngozi ya mikono, kifua na uso ilikaza hadi nikashindwa kukunja ngumi. Ni zaidi ya mwaka sasa imeanza kulainika. Kwa miezi sita natumia pia unga wa mitishamba, na anayeniuzia anasema ndio unaoniponya, niache dawa na vipimo vya hospitali. Je, ugonjwa huu hupona wenyewe kadiri miaka inavyokwenda?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kulainika huko ni kweli, na nafurahi kwa ajili yako. Lakini hesabu mwenyewe: ngozi ina zaidi ya mwaka tangu ianze kulegea, unga una miezi sita. Unga umeukuta mlango uko wazi.

Skleroderma ya aina yako hukaza ngozi kwa nguvu miaka ya mwanzo, mara nyingi mitatu hadi mitano, kisha husimama, na kwa wengi ngozi hulainika kiasi. Hapo ndipo wauza tiba wanapovuna. Mgonjwa huchoka mwaka wa tatu au wa nne, anawaendea, ngozi inalegea kama ambavyo ingelegea, na sifa wanazibeba wao. Kila wiki nakutana na jambo hili, na linaniumiza, kwa sababu mtu huyo akishaamini amepona haonekani tena kliniki.

Ugonjwa huu huweka kovu kwenye mapafu pia, na ngozi na mapafu haviendi pamoja. Mgonjwa wangu mmoja alirudi baada ya kupotea muda mrefu, akaweka mkono mezani akakunja ngumi nzima, anacheka. Nilimbana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, ikainuka vizuri kabisa. Lakini kila sentensi aliikatisha katikati avute pumzi. Kipimo cha kupumua kilionyesha mapafu yamepungua nguvu sana, na kovu la mapafu halilainiki kama ngozi. Dawa kama mikofenoleti na nintedanibu hupunguza kasi ya kovu. Lililokwisha kujengeka hazilifuti. Kwa hiyo, ndiyo, vipimo vya mapafu na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) unavihitaji angalau kila mwaka, hata ukijisikia mzima.

Tiba ya kuumaliza ugonjwa huu haijapatikana. Wengi hutulia na kuishi miaka mingi, ila kutulia si kupona.

Sasa huo unga. Je, maumivu ya viungo yalipungua ndani ya siku chache, hamu ya kula ikapanda, uso ukaanza kuvimba mviringo? Baadhi ya dawa za namna hiyo huchanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni. Kwa mgonjwa wa skleroderma hilo ni hatari kubwa: prednisoloni ya zaidi ya miligramu 15 kwa siku huongeza uwezekano wa figo kushambuliwa ghafla, hasa miaka ya mwanzo kama uliyomo wewe. Usiuache ghafla leo, kwa sababu kama una steroidi mwili unaweza kuishiwa nguvu ghafla. Mpelekee daktari wako pakiti yenyewe wiki hii, akupime na akupangie namna ya kuushusha. Anayekuuzia dawa asiyoweza kukutajia kilichomo, kisha akakuzuia kupima, anajua anachokificha.

Kwa sababu ya hatari hiyo ya figo, nunua mashine ya presha na upime nyumbani mara kwa mara. Presha ikipanda ghafla kuliko kawaida yako, au ukipata kichwa kikali, macho kuona ukungu, mkojo kupungua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya dawa za presha za jamii ya kaptoprili kupatikana, wengi waliopatwa na shambulio hilo la figo hawakumaliza mwaka. Leo huokoka wengi, wakiwahi. Na ukifika mlangoni taja skleroderma kabla ya jambo lingine lolote, la sivyo wanaweza kukutibu kama mgonjwa wa presha ya kawaida na kukurudisha nyumbani.