Tovuti umeishusha, sasa ipe namna ya kutafuta

Mwaka jana niliomba ruhusa kwa wenye tovuti moja ya kilimo, nikaishusha yote, kurasa 400 na ushei, nikaiweka kwenye kompyuta za maktaba ya sekondari kijijini kwetu, ambako intaneti ni ya kubahatisha. Nilitumia wget, programu ya kushusha tovuti, pamoja na vibonyezo vyake vya --mirror, --convert-links na --page-requisites. Picha zilikuja, viungo vikafunguka. Kisanduku cha kutafutia nacho kilikuwa pale pale juu, ila ukiandika neno hakijibu. Kazi ya kutafuta ilikuwa ya seva, na seva haishushwi.

Basi tengeneza faharasa yako: maneno yote, na kurasa yalimo. Mimi nilitumia Lunr, programu ndogo ya kutafuta inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ambayo ni JavaScript tupu. Nyumbani ilikwenda vizuri kwa sababu nilikuwa nimewasha seva ndogo. Shuleni watu wanabofya faili moja kwa moja, anwani inaanza na file://, na Chrome hairuhusu ukurasa wa namna hiyo kuvuta faili la JSON, yaani la data, ambamo faharasa imo, kwa amri ya fetch. Dawa yake ni ndogo: hifadhi faharasa kama faili la .js linaloanza na "var faharasa =", kisha liite kwa tagi ya script. Pagefind, programu nyingine ya kutafuta, ni nzuri na nyepesi, lakini yenyewe inataka seva.

Jambo lililonisumbua zaidi ni lugha yetu. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika "ugonjwa wa mihogo". Zikamjia kurasa za ng'ombe na kuku, kwa kuwa zina "ugonjwa" na zina "wa". Ukurasa aliouhitaji ulikuwepo, umeandikwa "Magonjwa ya muhogo". Aliusoma ule wa ng'ombe kidogo, akanyanyuka akaenda zake. Iliniuma.

Lunr imezoea Kiingereza, inakata mikia ya maneno. Maneno ya Kiswahili hubadilika kichwani, yaani mwanzoni. Kwa hiyo ondoa kikata-mikia hicho wakati wa kujenga faharasa na wakati wa kutafuta pia, halafu iambie ipuuze "wa", "ya", "na", "kwa", "ni". Usijaribu kukata viambishi kwa kanuni moja. Nilikata "ma-" kila mahali, "mahindi" yakawa "hindi" na "maji" yakawa "ji". Afadhali uandike jozi kwa mkono, ili anayetafuta neno moja apate na mwenzake: ugonjwa na magonjwa, muhogo na mihogo, jani na majani. Zangu zilifika 180, kazi ya jioni mbili. Vitenzi ni rahisi zaidi, kwani ukitafuta *pand* utapata alipanda, kupandwa na kupandikiza kwa mpigo.

Pembeni ya kompyuta tumeweka daftari. Mtu akikosa jibu, mkutubi anaandika lile neno kama lilivyoandikwa na mtafutaji, nami nikifika naliongeza kwenye jozi. Juzi nilikuta "viwavi", limeandikwa mara tatu kwa miandiko tofauti. Kurasa zetu zote zinasema "viwavijeshi".